Ijumaa ya Nani?

Kuna hadithi moja ya visiwa vya Samoa ambayo lazima ushawahi kutumiwa na mtu. Ati kuna visiwa vya ndugu huko katikati ya bahari ya Pasifiki, ukipanda ndege ndogo kutoka upande mmoja kwenda wa pili unafika jana. Ati unaweza kufungua mwaka Apia, ulale, kisha uruke ukaufungue tena Pago Pago. Halafu inafuata picha ya mzungu kwenye mchanga mweupe, ameshika dafu lenye mrija. Tunacheka, tunasambaza, tunaendelea na maisha.

Mimi hadithi hiyo imeacha kunichekesha. Inasimuliwa kana kwamba tarehe ni kama mvua, kitu kinachokuja chenyewe kutoka juu, na watu wa visiwani kazi yao ni kushangaa tu. Huo ni uongo wa kitalii. Tarehe ya Samoa ililetwa na watu, ikabadilishwa na watu, na kila mara kulikuwa na mtu wa biashara amesimama kando akihesabu. Nataka kuisimulia upya, kwa sababu ndani yake mna jambo linalotugusa sisi tulio macho saa tisa usiku Roysambu na Kisumu, tukimalizia kazi ya mtu ambaye kwake jua bado liko juu.

Kwanza ramani. Kuna Samoa, nchi huru, yenye visiwa viwili vikubwa, Upolu na Savai'i. Mji mkuu ni Apia, ulioko Upolu. Na kuna Samoa ya Marekani, ambayo kisiwa chake kikuu ni Tutuila, na bandari yake ni Pago Pago. Kutoka Apia hadi Pago Pago ni kama kilomita 125. Hiyo ni Mombasa hadi Malindi na kidogo juu yake, ila badala ya mashamba ya katani kuna maji. Lugha ni moja. Koo ni zilezile, na wazee wa koo, wale wanaoitwa matai, wanatambulika pande zote. Mtu akifiwa Tutuila, mikeka laini inasafirishwa kutoka Upolu kwenda matangani.

Sasa saa. Samoa iko saa 13 mbele ya Greenwich. Samoa ya Marekani iko saa 11 nyuma. Jumlisha hizo mbili: 24 kamili. Yaani ukutani saa zinasoma vilevile! Apia ikiwa saa mbili asubuhi, Pago Pago nayo ni saa mbili asubuhi. Jua linachomoza Tutuila, na dakika chache tu baadaye linachomoza Upolu. Jogoo wa huku na jogoo wa kule wanawika karibu pamoja. Kinachotofautiana ni jina la siku peke yake. Huku wanaiita Jumamosi, kule wanaiita Ijumaa.

Ukielewa hapo umeelewa kila kitu. Jua halina habari na tofauti hiyo. Ni ya kalenda, na kalenda ina wenyewe.

Mstari wa tarehe wa kimataifa, ule unaouona kwenye ramani ukipinda kama nyoka aliyekanyagwa, hauna mkataba. Mwaka 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington wakakubaliana kwamba Greenwich ndiyo itakuwa sufuri ya dunia. Kutoka Afrika ilikuwepo Liberia peke yake. Lakini hata mkutano huo haukuandika popote kwamba tarehe ibadilike wapi hasa. Kila nchi inajichagulia upande, na mchora ramani anapindisha mstari kuifuata. Kiribati ilipochoka kuwa na visiwa vyake vya mashariki siku moja nyuma ya mji wao mkuu, mwishoni mwa 1994 ilivihamishia upande wa pili, na mstari ukapinda kwa maelfu ya kilomita. Hakuna aliyeombwa ruhusa.

Samoa yenyewe ilianza upande wa magharibi wa mstari, pamoja na Australia, kwa sababu meli na wamisheni walitoka huko. Kisha mwaka 1892 wafanyabiashara wa Kimarekani wakamshawishi mfalme Malietoa Laupepa ahamishe tarehe ifanane na ya California, maana biashara ilikuwa inaelekea San Francisco. Ili kuhamia upande huo ni lazima siku moja irudiwe. Wakachagua irudiwe ipi? Tarehe 4 Julai. Sikukuu ya uhuru wa Marekani ikasherehekewa mara mbili mfululizo, katika nchi ya watu wengine. Ukitaka kujua nani alikuwa anashika kalenda mwaka huo, si umeshajua.

Miaka saba baadaye, 1899, Ujerumani na Marekani zikagawana visiwa vyenyewe. Ujerumani ikachukua magharibi, Marekani ikachukua mashariki, Uingereza ikatulizwa kwa ardhi kwingineko. Mambo ya Berlin tunayajua sisi, hayahitaji maelezo. Wasamoa wakaamka wana mabwana wawili, lakini angalau tarehe ilibaki moja. Hilo lilidumu zaidi ya miaka mia.

Hadi 2011. Kufikia wakati huo Samoa ilikuwa huru tangu 1962, na maisha yake yalikuwa yamegeukia kusini. Watu wake kwa maelfu wako Auckland na Sydney, wanatuma pesa nyumbani. Bidhaa zinatoka huko. Mwaka 2009 serikali ilikuwa tayari imewahamisha madereva wote kutoka upande wa kulia wa barabara hadi kushoto, ili watu waletewe magari ya bei nafuu na jamaa zao wa Australia na New Zealand. Watu walilalamika sana, wakaandamana, mwisho wakaendesha kushoto. Sasa ikabaki kalenda. Hesabu ya waziri mkuu Tuilaepa Sailele Malielegaoi ilikuwa rahisi: Ijumaa ya Samoa, New Zealand ni Jumamosi, ofisi zimefungwa; Jumapili ya Samoa watu wako kanisani, Sydney ni Jumatatu na simu zinalia bila wa kuzipokea. Wiki ya kazi ya pamoja ilikuwa na siku nne.

Basi Alhamisi tarehe 29 Desemba 2011, usiku wa manane, Samoa ikaingia moja kwa moja Jumamosi tarehe 31. Ijumaa tarehe 30 haikuwahi kuwepo. Tokelau, visiwa vidogo vya jirani, vikaruka pamoja nayo. Aliyezaliwa tarehe 30 Desemba mwaka huo hakukata keki. Samoa ya Marekani haikuruka. Ikabaki ilipowekwa 1892, na hapo ndipo kilomita 125 zikawa siku nzima.

Sasa sikiliza jambo ambalo zile video za dafu huwa hazitaji. Serikali ya Samoa iliamuru kwamba mfanyakazi aliyestahili kuwa kazini Ijumaa ile alipwe siku yake kamili. Siku ambayo haikuwepo. Hakuna aliyefungua duka, hakuna aliyegusa jembe, lakini mshahara ulihesabiwa. Mimi sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko nyingine yoyote katika habari hii, na bado napenda kuirudia. Nchi ilihamisha wakati kwa faida ya biashara, halafu ikasema gharama ya kuhama isiangukie mgongo wa mfanyakazi.

Tutarudi kwenye Ijumaa hiyo. Kwanza tuangalie maisha yalivyobaki.

Pago Pago, mwajiri mkubwa wa kibinafsi ni kiwanda cha kusindika samaki aina ya jodari. Samaki anashushwa kutoka melini, anapikwa, anatiwa kwenye mkebe, anakwenda kukaa kwenye rafu ya supamaketi Marekani. Pesa nyingine nyingi inatoka serikali ya Marekani, na vijana wengi wanajiunga na jeshi lake. Lakini anayezaliwa Tutuila hazaliwi raia wa Marekani. Anazaliwa mtu wa Marekani, neno la kisheria lenye maana kwamba pasipoti utapewa, vitani utapelekwa, ila rais huchagui. Tarehe yao pia ni ya aina hiyo. Wanaishi siku ya Washington, wakiwa miongoni mwa watu wa mwisho duniani kuiaga, na Washington haiwaoni.

Na kiwandani hapo wafanyakazi wengi wanatoka Samoa ya upande wa pili. Mtu anaondoka kwao Jumatatu, anafika Jumapili, anajiandaa kwa kazi ya Jumatatu ambayo alishaiona ikianza nyumbani. Serikali ya Apia ilipookoa siku mbili za biashara na Sydney, siku hizohizo zilipotea kati yake na binamu zake. Ofisi za Apia zikiwa wazi Jumatatu, Pago Pago wako kanisani. Pago Pago wakiwa kazini Ijumaa, Apia ni Jumamosi. Siku hazikuokotwa mahali, zilitolewa kwa ndugu zikapewa mteja. Mtu asiniambie uamuzi ule haukuwa na machozi.

Wasabato ndio walioonyesha ugumu wa jambo hili. Msabato, kama ujuavyo, anashika siku ya saba. Haya, Ijumaa imefutwa, siku ya saba sasa ni ipi? Kanisa lao Samoa liliamua kuendelea na hesabu ya zamani: siku zimefuatana bila kuvunjika tangu uumbaji, serikali haiwezi kufuta moja, kwa hivyo siku inayoitwa sasa Jumapili ndiyo Sabato ya kweli. Baadhi ya waumini wakakataa. Wakasema Jumamosi ni Jumamosi, wakajitenga wakasali siku yao. Watu waliokuwa wakiimba pamoja wakagawanyika. Wakati huohuo Wasabato wa Tutuila, ambao hawakuhamishwa na mtu, wanasali Jumamosi yao kama kawaida, na Jumamosi hiyo ndiyo Jumapili ya Apia. Kwa hivyo wale wa Apia wanaosali Jumapili wako ibadani saa ileile na wenzao wa Tutuila wanaosali Jumamosi. Mjadala huo ungefika Kisii au Homa Bay, wallahi tusingelala.

Lakini kuna wakati mmoja ambao serikali zote mbili hazijaugusa. Jioni, giza linapoanza kuingia, vijijini kengele inagongwa au gamba kubwa la bahari linapulizwa. Huo muda unaitwa sā. Familia zinaingia ndani kwa sala. Sehemu nyingine vijana wa kijiji wanasimama kando ya barabara kuhakikisha hakuna mtu anapitapita. Dakika chache, kisha maisha yanaendelea. Unafanyika Upolu na unafanyika Tutuila, na hauulizi ni tarehe ngapi.

Sisi tunaujua wakati wa aina hiyo. Kiswahili chetu bado kinahesabu saa kutoka jua linapochomoza: simu inaandika 7:00, mdomo unasema saa moja. Hakuna aliyetufundisha darasani kufanya hesabu hiyo, na hakuna anayekosea. Na Pwani, kwa wazee, siku haianzi usiku wa manane kama ya Greenwich. Inaanza magharibi, jua likizama. Usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ule ambao wengine wanauita Alhamisi usiku. Mtu wa bara akialikwa maulidi usiku wa Ijumaa asipouliza vizuri, atafika akute majamvi yamekunjwa. Kwa hivyo tusijifanye kwamba siku ina mwanzo mmoja uliowekwa na Mungu mbinguni. Katika nchi hii peke yake tuna mianzo miwili.

Wala usidhani saa ya Kenya yenyewe ilidondoka kutoka Mlima Kenya. Wakati wa ukoloni nchi hii iliwahi kuwekwa saa mbili na nusu mbele ya Greenwich, baadaye ikawekwa saa mbili na dakika 45, kabla ya kutulia kwenye saa tatu. Robo saa, buda! Mtu fulani alikaa ofisini akaamua babu yako aamke robo saa mapema, na babu yako akasoma habari hiyo kwenye filimbi ya kazi.

Nafika sasa kwa wale ninaogombana nao hasa. Kuna kundi la wakufunzi na wahubiri wa kazi za mtandaoni wanaotuambia kwamba tofauti ya saa ni neema. Kwamba dunia ni kijiji. Kwamba Mmarekani akilala wewe unafanya kazi, akiamka anakuta imeisha, kila mtu ameshinda. Kwamba pesa hailali, nawe usilale. Wanauza hata kozi za hiyo habari, na kozi zenyewe zinafanyika mchana, nimechunguza.

Hesabu yao ni hewa. Mteja hataki uwe macho yeye akiwa amelala. Anataka uwe macho yeye akiwa macho, ili akuulize mambo, akubadilishie maagizo, akuitie kikao. Ofisi ya New York ikifunguliwa saa tatu asubuhi yao, Nairobi ni saa kumi na moja jioni, au saa kumi wakati wa majira yao ya joto. Inafungwa kwetu ikiwa saa saba usiku. Akiwa California ndiyo hatari: siku yake ya kazi inaanza kwetu saa mbili usiku na kuisha saa kumi alfajiri, wakati muadhini anajiandaa na matatu za kwanza zinapasha moto injini. Wengine wetu tumeishi hivyo miaka. Nilianza nikiwa chuoni. Chuo nikaacha, kazi ikabaki. Mtaani najua mama mboga akifungua, kwa sababu ndio wakati wangu wa kulala. Majirani wanadhani mimi ni mlinzi au mwizi, na hawajaamua.

Halafu mara mbili kwa mwaka, Machi na Novemba, Wamarekani wanasogeza saa zao kwa sababu zao za jua na msimu. Sisi tuko ikweta, usiku na mchana wetu ni sawa Januari hadi Desemba, saa zetu hazisogei. Lakini Jumatatu inayofuata kikao kimehama saa nzima. Hakuna ilani wala mjadala. Bunge la nchi nyingine limegusa usingizi wako Umoja, nawe hukuwapigia hata kura. Ndiyo maana yule mtu wa Tutuila namwelewa vizuri sana.

Na ile Ijumaa. "Nitumie Ijumaa." Hayo ni makataa ya kawaida kabisa, kila mwandishi wa kujitegemea ameyapata. Ijumaa ya nani? Ijumaa ya mteja wa Los Angeles haiishi hadi Jumamosi yetu saa tano asubuhi. Ukituma Ijumaa jioni ya Nairobi, kwake bado ni asubuhi mbichi, anasoma kabla ya chai, anarudisha na marekebisho ya "leo leo tu", na leo yake ina saa kumi na moja zaidi ya yako. Wiki yako ya kazi ina siku tano kwenye makubaliano na siku sita mwilini. Ile ya sita haina jina, haina bei, haiandikwi kwenye ankara. Samoa walilipwa Ijumaa ambayo hawakuifanyia kazi. Sisi tunafanya kazi Jumamosi ambayo haipo.

Najua jibu linalokuja. Utaniambia: Samoa unayoisifu ilibadilisha bwana tu. Ilitoka kwa Mmarekani ikaenda kwa New Zealand na Australia, uhuru uko wapi hapo? Ni pingamizi zuri, na linauma zaidi ukijua historia. New Zealand ndiyo iliyoitwaa Samoa kutoka kwa Wajerumani mwaka 1914. Mwaka 1918 meli iitwayo Talune ilitoka Auckland ikaruhusiwa kutia nanga Apia ikiwa na wagonjwa wa homa kali ya mafua, na karibu mtu mmoja katika kila watano wa Samoa ya magharibi akafa. Upande wa Tutuila gavana wa Kimarekani alifunga bandari, hakufa mtu hata mmoja. Maji yaleyale, kilomita zilezile. Desemba 1929 polisi wa New Zealand waliwafyatulia risasi waandamanaji wa Mau mjini Apia, wakamuua kiongozi wao Tupua Tamasese Lealofi III na wengine. Ni kwa nchi hiyo Samoa ilikwenda kujipanga kalenda 2011.

Kwa hivyo hapana, siuzi hadithi ya shujaa. Tuilaepa alikuwa mwanasiasa anayefuata biashara, na biashara ilikuwa kusini. Lakini angalia namna ilivyofanyika. Jambo lilitangazwa miezi kadhaa kabla. Lilikuwa sheria, limepita bungeni, lina jina na tarehe, wapinzani walipata la kupinga na makanisa yakapata la kugombania. Mtu alisimama hadharani akasema: tunahama, tunahama kwa sababu hii, tunapata hiki, na wewe mfanyakazi siku yako hii hapa. 1892 hakuna aliyemuuliza Msamoa kitu. Tofauti ya safari hizo mbili hainihitaji niwe mshairi kuiona.

Sisi tunavushwa ule mstari mmoja mmoja, kila mtu na laptopu yake chumbani, usiku. Hakuna sheria, hakuna tangazo. Mtu anakubali saa za mteja kwenye ujumbe wa mistari miwili, kwa sababu kodi ya nyumba inakaribia, na kesho yake anakuwa mkazi wa California anayelipa stima ya Nairobi. Usiku wenyewe hauna nyongeza. Mlinzi wa getini kwangu na mimi tunakesha pamoja, tunasalimiana saa tisa nikitoka kuvuta hewa, na yeye angalau anaitwa mlinzi wa usiku. Cheo chake kimeutambua usiku. Changu kinasema "mwandishi".

Sisemi tuache kazi hizo. Nani atalipa? Na simwambii mtu azime simu jioni asikilize sauti ya ndani, hiyo ni ya watu wenye akiba. Ninachodai ni kidogo na kinahesabika. Saa ya usiku iwe na bei yake, juu ya saa ya mchana. Makataa yaandikwe kwa saa ya anayefanya kazi. Wao wakisogeza saa zao Machi, wapange upya vikao upande wao, maana sisi hatujasogea. Na wale wanaotangaza kazi hizi kwa vijana, wakitaja dola, wataje na saa. Waseme wazi: kazi ni ya saa mbili usiku hadi saa kumi alfajiri. Tuone ni wangapi wataita hiyo neema.

Peke yako mambo haya ni magumu kuyadai, sikatai. Ukimwambia mteja bei ya usiku anatafuta mwingine Manila, ambaye naye yuko macho saa mbaya zaidi yako. Samoa iliweza kwa sababu ilikuwa nchi nzima, ingawa ni nchi ya watu kama laki mbili tu. Hao ni wachache kuliko watu wa mitaa kadhaa ya Nairobi ukiijumlisha. Sisi tunaokesha tuko wangapi? Tunajuana kwa vikundi vya simu, tunatumiana kazi, tunaonyana kuhusu wateja wasiolipa. Orodha ya wasiolipa tunayo. Orodha ya bei ya usiku hatujawahi kuiandika.

Mimi nimeanza na yangu. Tangu Januari, kila makubaliano ninayotuma yana mstari huu: makataa ni Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, Nairobi, kazi inayoombwa baada ya hapo ni ya Jumatatu au ina nyongeza ya nusu ya bei. Wateja wawili wamekubali bila neno. Mmoja aliuliza saa kumi na mbili ni saa ngapi, nikamweleza habari ya jua, akapenda sana, akasema ataiweka kwenye video, kisha akaomba punguzo. Mwingine hajajibu. Nimemwandikia tena leo asubuhi, asubuhi ya huku.